Sauti zimenyamaza lakini mdogo wangu hajarudi kuwa yeye. Skizofrenia huwa inakwendaje?

BintiMzigua

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa wataalamu wa afya ya akili na kwa waliopitia jambo hili nyumbani kwao.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma. Mwaka jana alirudi nyumbani Korogwe kabla ya kumaliza mitihani. Alisema amechoka tu. Mchana analala, usiku anazunguka uani. Tukadhani ni mambo ya mapenzi, au amefeli anaona aibu kusema. Baadaye akaacha kula chakula cha nyumbani. Alikuwa anakula mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe, ndizi na machungwa, yaani chochote chenye ganda. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa kwamba jirani anatia kitu kwenye sufuria zetu, ila kwenye ganda hawezi kupenya. Akatoa betri kwenye saa ya ukutani, eti inapeleka taarifa zake kwa huyo jirani. Usiku nilimsikia akijibizana na watu. Anasema, ananyamaza kama anayesikiliza, halafu anajibu. Chumbani yuko peke yake.

Alilazwa, na daktari akatuambia ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Walimwanzishia haloperidoli, na siku zile za mwanzo shingo ikampinda upande, macho yakageukia juu. Mama alipiga yowe kwamba pepo limempanda, wadi nzima ikasimama. Akachomwa sindano akatulia, na baadaye wakambadilishia olanzapini, anameza usiku.

Sasa ninachouliza ni hiki. Chakula anakula. Jirani hamtaji tena. Mwenyewe anasema sauti zimeondoka. Lakini anakaa tu. Tangu asubuhi yuko kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Ukimwambia akaoge anasema "sawa", halafu haendi. Hacheki, hakasiriki. Alikuwa kiungo wa timu ya mtaa, wenzake wakija kumwona anawaangalia kama wapita njia. Baba mdogo anasema ugonjwa umeshaisha, kilichobaki ni uvivu na hizo dawa zinazomlaza, kwa hiyo aachishwe dawa apelekwe shamba la mkonge akachangamke. Mama hajui amsikilize nani.

Je, huku kukaa kimya ni ugonjwa, ni dawa au ni uvivu kweli? Ugonjwa huu una hatua gani, na atameza dawa mpaka lini? Na ni kweli ni wa kurithi? Upande wa baba kulikuwa na shangazi aliyekuwa akisemwa ana wazimu, na mimi nina mtoto mdogo.

Mzee wa Barazani

Pole sana binti yangu. Haya mambo ya kijana kusoma vizuri kisha ghafla anarudi nyumbani hivyo, sisi wazee tumeyaona. Hospitali ni sawa, sikatai, lakini huyo jirani msimpuuze. Mtafuteni mtu mcha Mungu amsomee. Na hizo dawa za kulaza zisije zikamharibu kabisa, mpumzisheni nazo kwanza wakati anasomewa.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu BintiMzigua, pole, na mpe pole mama. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, niko kliniki ya hospitali ya mkoa, na kabla ya hapo nilikuwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Nitajibu kwa urefu kwa sababu hicho ulichokieleza ndicho kinachowashinda ndugu wengi kuliko hata zile sauti.

Nianze na mwanzo wenyewe. Familia nyingi zikija kwetu huhesabu ugonjwa kuanzia siku mtu aliposema ana maadui, au alipovua nguo barabarani. Ukikaa nao ukawauliza taratibu, unakuta ulianza zamani. Kijana aliacha marafiki, usingizi ukageuka, masomo yakashuka, usafi ukapungua, akawa na mashaka ambayo hayasemi. Kipindi hicho huweza kuchukua wiki au miaka, na aliye ndani ya nyumba anaona mtu aliyebadilika tabia tu. Kwa wanaume ugonjwa huu hujitokeza zaidi mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini, kwa wanawake mara nyingi huchelewa kidogo. Mdogo wako alirudi kutoka Dodoma akiwa tayari ndani yake.

Kisha huja kipindi kikali. Hapo ndipo maruweruwe, mara nyingi ya kusikia: sauti zinazomjadili, zinazomtukana, zinazotangaza kila anachofanya. Ndipo imani zisizoyumba, kama hiyo ya jirani na sufuria, na maana nzito kupachikwa kwenye vitu vya kawaida kama saa ya ukutani. Wengine maneno hupoteza mpangilio, sentensi inaanzia sokoni inaishia mbinguni. Dalili hizi ndizo dawa huziweza vizuri zaidi, na kwa mdogo wako zimefanya hivyo.

Ila kuna dalili nyingine ambazo haziongezi kitu kwa mtu, zinamwondolea. Zinamwondolea msukumo wa kuanza jambo, raha ya kufanya alichokuwa akikipenda, mabadiliko ya sauti na uso, maneno, hamu ya kuwa na watu. Na akili ya kupanga na kukumbuka hupungua kasi, ndiyo maana unamwambia "kaoge", anasema sawa, na anamaanisha sawa. Kuoga ni kunyanyuka, kutafuta ndoo, kuteka maji, kutafuta sabuni na nguo. Kichwani mwake mfuatano huo haujiungi. Mwambie "nyanyuka tuchukue ndoo", nenda naye, halafu lile la pili, uone tofauti. Dalili hizi mara nyingi zilikuwepo kabla ya sauti na hubaki sauti zikinyamaza, na dawa tulizonazo hazizigusi sana. Mwambie baba mdogo, kwa heshima zote, kwamba mvivu hukwepa kazi akafurahi kwingine. Huyu hata mpira alioupenda haendi.

Hata hivyo usikubali kila kitu kiitwe ugonjwa, maana baba mdogo kuhusu dawa hajakosea kabisa. Olanzapini inalaza, na inanenepesha na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe uzito na sukari kila mkienda kliniki, msisubiri kuulizwa. Angalieni: je, uzito wa kichwa ni asubuhi tu kisha unapungua mchana? Je, anatembea hatua fupi, mikono haichezi, mate yanamtoka, uso umekakamaa? Hayo ni ya dawa, na dozi au saa ya kumeza vinaweza kurekebishwa. Kuna pia asiyeweza kutulia, anakaa anasimama, miguu inacheza muda wote; ndugu husema ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa. Na jambo la tatu ni sonona, ile huzuni nzito ambayo ni ugonjwa. Kijana aliyepata fahamu ya kilichompata huomboleza. Akianza kusema hana thamani, ni mzigo, heri asingekuwepo, mlete siku hiyohiyo. Takriban watu 5 katika 100 wenye ugonjwa huu hufa kwa kujiua, na miaka ya mwanzo baada ya kutoka hospitalini ni ya hatari. Muulizeni wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Ile shingo iliyopinda ilikuwa ni misuli kukaza kutokana na haloperidoli, inatokea hasa kwa vijana wa kiume. Inatisha sana kuitazama, lakini hutibika upesi, na wengine hupewa benzheksoli, ile wengi wanayoijua kwa jina la Artane, ili isirudi. Iandikwe kwenye kadi yake kwamba ilimtokea, asije mhudumu mgeni akampa tena bila kujua.

Kuhusu muda wa dawa. Baada ya tukio la kwanza kwa kawaida tunashauri aendelee angalau mwaka mmoja hadi miwili tangu alipotulia, kisha daktari apime naye, kupunguza kuwe polepole. Aliyerudiwa mara kadhaa huhitaji miaka mingi zaidi, wengine maisha yote. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka hivi, katika wagonjwa 100 walioachishwa dawa kama 64 walirudiwa, na katika 100 walioendelea ni kama 27. Na hapa ndipo watu hudanganyika: mtu akiacha dawa leo, wiki zijazo huchangamka! Usingizi umemwondoka, anaongea, nyumba inashangilia. Ugonjwa hurudi baada ya miezi, na wakati huo hakuna anayekumbuka dawa, wanamtafuta aliyemroga.

Mzee wa Barazani, shikamoo. Dua haina ugomvi na dawa, na familia inayoomba pamoja humtuliza mgonjwa. Naomba tu wakati wa kusomewa kidonge cha usiku kiendelee, asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asifukizwe moshi mpaka akakosa pumzi. Na lile la jirani, mzee wangu, naomba tusilitie nguvu. Kijana mwenyewe ameliacha. Tukimrudishia sisi tutakuwa tunamrudisha kwenye mayai na ndizi.

Urithi upo ila si hukumu. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano wa kama 1 katika 10, mtoto wa dada yake chini ya hapo. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika nusu tu ya hali hizo, au pungufu. Kwa hiyo kuna mengine yanayochangia: matatizo ya mimba na uzazi, misukosuko ya maisha, na bangi, hasa ikianza kuvutwa mapema. Mtoto wako mlee kama mtoto mwingine yeyote, akifika ujana mwambie ukweli kuhusu bangi.

Na matumaini ni haya, si ya kubembeleza: Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 katika 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Wengine hupata vipindi vinavyokuja na kuondoka, wengine, wachache, hubaki na dalili muda wote. Leo huwezi kusema wako yumo kundi gani. Hata mimi siwezi.

Fundi Vitenge

Dada BintiMzigua, nimesoma nikaona niandike, kwa sababu wanaojibu mambo haya huwa ni ndugu na wataalamu, sisi wenyewe tunakaa kimya. Mimi ni fundi cherehani Morogoro na nina ugonjwa huu tangu nilipokuwa kidato cha tano. Nina mke na watoto. Nachoma sindano ya kila mwezi, ile ya flufenazini.

Nikueleze sauti kwanza, maana mdogo wako huenda hawezi kukueleza. Mimi walikuwa wanaume wawili na mwanamke. Hawakuwa wanasema na mimi, walikuwa wananizungumzia. "Sasa anafungua mlango. Ona, anajifanya hatusikii." Zinatoka nje kabisa, ukutani, kwa jirani, kwenye dari. Haifanani na kuwaza. Mtu akikuambia "hakuna sauti, ni mawazo yako", unamwona mwongo, au mmoja wao. Aliyenisaidia ni mama, hakubishana wala hakukubali. Alisema, "Mimi siisikii mwanangu, lakini naona inakutesa. Njoo ukae karibu nami." Basi nilikuwa nakwenda kukaa jikoni.

Sasa hilo la kukaa. Baada ya sauti kunyamaza nilikaa vile vile kama mdogo wako, mwaka na zaidi. Watu waliniona sina habari na chochote, lakini ndani nilikuwa najua kabisa wananisema mvivu. Nilikuwa nataka kutaka, sijui kama inaeleweka. Unatazama jiko la mkaa, unajua maji yamekaukia, unajua unatakiwa uinuke, na ule mkono wa kukuinua haupo.

Kilichonitoa hapo hakikuwa shamba wala maneno makali. Mjomba wangu ndiye alikuwa fundi. Aliniletea fuko la mashati makuukuu akanipa kiwembe, akasema nitoe vifungo niviweke kwenye kopo la Kimbo. Hakusema nitoe vingapi. Siku nyingine nilitoa kimoja nikaacha. Alipita jioni, akachungulia kopo, akasema "vema", akaenda zake. Baadaye akaniambia nivitenge, vyeupe huku, vya kahawia huku, vyenye matundu mawili na vyenye manne. Halafu ikawa pindo za suruali kwa mkono. Hapo nilipata taabu kutunga uzi kwa sababu dawa ilinitetemesha vidole, nikadhani ufundi umeniponyoka kabla sijaupata. Nilimwambia nesi, dozi ikapunguzwa na nikaongezewa kidonge cha kutetemeka, vidole vikatulia. Ningenyamaza ningeacha dawa kimyakimya, kama wengi wanavyofanya.

Dada, muulizeni mdogo wako dawa inamfanya nini mwilini. Muulizeni hata mambo ya unyumba siku moja akiwa na mwanaume mwenzake, maana dawa nyingine zinagusa huko na kijana atakufa na siri yake.

Sauti bado huja, si kila siku. Nikizisikia njiani naweka simu sikioni nazijibu kwa simu, hakuna anayenitazama. Nikiwa kazini nafungulia redio. Ninachokiogopa zaidi ni usingizi. Usingizi ukikatika usiku wa pili, na cherehani ikaanza kama inataja jina langu ikizunguka, mke wangu anajua. Hanigombezi. Anampigia nesi wa kliniki, tunakwenda kabla ya tarehe. Hiyo dalili yangu tuliiandika nyuma ya kadi ya kliniki, ili hata mke wangu asipokuwepo mtu mwingine aisome.

BintiMzigua

Nimesoma nikalia, kisha nikamsomea mama yote. Fundi, Mungu akubariki kaka yangu. Nesi, ahsante sana dada.

Jana nilijaribu ile ya ndoo. Nilisema "nyanyuka twende tukachukue ndoo", akanyanyuka. Alioga. Mama alikuwa hajaamini.

Nina mambo mawili ya ziada. Baba mdogo bado anasema nyumba imekuwa hospitali, na anamsemesha kwa ukali kila akija, "mwanaume mzima unalishwa". Je, ukali unaweza kumrudisha nyuma kweli, au ni sisi tunamdekeza? Na anauliza lini atarudi chuo. Ni yeye mwenyewe aliyeuliza, swali la kwanza kuuliza tangu atoke hospitali.

Nesi wa Zamu

Kuuliza kuhusu chuo ni habari njema, usilipite juujuu swali hilo.

Ukali unarudisha nyuma, ndiyo. Tangu miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa London waliona kwamba wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba zenye lawama na maneno makali hurudiwa upesi kuliko wanaorudi kwenye nyumba tulivu, na limeshapimwa tena nchi nyingi. Lakini waliona pia kwamba kumfanyia kila kitu na kumlinda kupita kiasi kuna madhara. Kwa hiyo baba mdogo yuko sahihi kwamba kijana asiachwe bure, amekosea njia tu. Mpe kazi huyo baba mdogo! Kama ana shamba, aje amchukue asubuhi moja kwa wiki, wakae pamoja saa moja, wapalilie tuta moja warudi. Asiseme neno kuhusu uanaume. Na mlete kliniki siku moja aniulize mimi au mwenzangu wa huko kwenu maswali yake yote. Wajomba na baba wadogo wengi hubadilika wakisikia kwa mhudumu kuliko kwa binti wa nyumbani, ndivyo ilivyo.

Kwenu Korogwe mna Lutindi pale milimani, hospitali ya wagonjwa wa akili ya tangu enzi za Wajerumani, na wanawapa wagonjwa kazi za mikono na bustani kama sehemu ya tiba. Kama kliniki mnayokwenda ni mbali au haina wa kuwasikiliza, ulizia na huko. Gharama zikiwabana, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoshughulikia misamaha, nenda na barua ya serikali ya mtaa.

Chuo: asifukuzie muhula ujao. Aandike barua ya kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, daktari aambatanishe yake, ili nafasi isipotee. Kisha apimwe kwa mambo madogo hapo nyumbani: anaweza kusoma ukurasa mmoja akakusimulia? Anaweza kwenda sokoni na orodha ya vitu vitatu akarudi navyo na chenji? Akiweza hayo kwa miezi kadhaa, bila sauti na usingizi ukiwa sawa, aanze na masomo machache. Dodoma kuna kliniki, kwa hiyo apewe barua ya rufaa kabla hajapanda basi, na ajue tarehe ya kwanza ya dawa huko ni lini.

Kabla ya kliniki ijayo chukua daftari, andikeni pamoja naye, si kumwandikia: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, uzito, kama miguu inatulia, nini kimemfurahisha hata kidogo, na dalili zake za mwanzo zilikuwa zipi. Kwenye hiyo ya mwisho weka mayai na saa ya ukutani. Mwulize yeye angependa nani apigiwe simu zikirudi, na namba ya huyo mtu iandikwe hapohapo.